Mafuta ya transfoma hayapozi tu

Mwandishi wa makala kuhusu wezi wanaonyonya mafuta ya transfoma usiku na kuyauza ya kukaangia ameieleza vizuri habari hiyo, ila kusema kazi ya mafuta hayo ni "kupoza mashine" ni kuacha nusu ya habari. Mimi ni fundi umeme, mwaka wa 19 huu. Mafuta yale ni kizuizi cha umeme: koili za ndani zimezungushiwa karatasi, na karatasi hiyo imelowa mafuta. Yakipungua, sehemu ya juu inabaki hewani, cheche inaruka, mtaa mzima giza.

Hata unyevu kidogo unayaharibu. Tunayapima kwenye kikombe chenye vichwa viwili vya chuma vilivyoachana milimita 2.5, tunapandisha volti taratibu. Cheche ikipita kabla ya kilovolti 30, yanarudi kuchujwa. Ndiyo maana transfoma kubwa ina kile kichupa cha chembe za bluu. Ukiziona zimekuwa za waridi, ujue zimeshiba unyevu.

Na wanaosema eti kukaangia chipsi mafuta hayo ya wizi hakuna neno: baadhi ya transfoma kuukuu zina PCB, kemikali inayosababisha saratani. Mkataba wa kimataifa wa Stockholm wa 2001 ulizipa nchi hadi 2025 kuacha kutumia vifaa vyenye kemikali hiyo. Kwa macho hutofautishi, mafuta ni mafuta. Mimi nikiona kibanda karai halikauki mafuta na bei ni ya kutupa, nasalimia tu napita.