Kabla ya Kuitupa Mashine ya Kuchomelea, Ifungue

Kuna ushauri unaorudiwa kila mahali: gharama ya kutengeneza kifaa ikipita nusu ya bei ya kipya, nunua kipya. Huenda unafaa kule ambako saa moja ya fundi ni ghali kuliko kipuri. Nairobi mambo ni kinyume. Fundi wa Kariobangi Light Industries atakufungulia mashine na kukuonyesha kilichoungua kwa pesa ambazo hazitakuumiza. Kinachouma ni kipuri. Ndiyo maana mimi siulizi kwanza itagharimu nusu au robo. Nauliza ni nini hasa kimeharibika.

Mara nyingi jibu ni kwamba mashine yenyewe ni nzima. Elektrodi, yaani kijiti cha kuchomelea, inanata, moto haushiki, mwenyewe ameshaanza kuulizia bei madukani, kumbe kibanio cha athi, kile kinachobana chuma unachochomelea, kimeshika kutu. Choma vijiti kadhaa, zima, chomoa plagi, halafu pitisha mkono karibu na kila kiungo: plagi, mwanzo wa kebo, holda inayoshika kijiti, kibanio. Palipo na joto kuliko kwingine ndipo penye shida. Fungua kipini cha holda uangalie waya unapoingia. Utakuta nyuzi nyingi za shaba zimekatika, zilizobaki ni chache, nyingine nyeusi, nyingine zimefanya ukijani. Kata kipande kibovu, funga upya kwa nguvu, na kazi inaendelea.

Stima nayo ina lawama zake. Wengi wetu tunachomelea uani tukivuta umeme kutoka ndani kwa ekstensheni. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, urefu wa mita 30, unakula karibu volti 10 mashine ikivuta ampea 13. Zile ekstensheni nyembamba za kuwashia redio zinakula maradufu. Ongeza saa za jioni, ploti nzima ikipiga pasi na kuchemsha maji, na hata mashine mpya kabisa itakohoa.

Ukishahakikisha ubovu uko ndani, angalia una mashine ya aina gani. Ile nzito ya transfoma, ambayo watu wawili huibeba wakilalamika, mimi sikubali itupwe. Ndani mna chuma, koili, swichi, pengine feni. Koili ikiungua husukwa upya, na mashine ikarudi kufanya kazi miaka mingine mingi. Ila simama hapo hapo wakati wa kusuka. Shaba ina soko kubwa mjini. Tukumbuke mwaka 2022 serikali ilisimamisha kwa muda biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu, zikiwemo nyaya na milingoti ya umeme. Kuna mafundi wanaotoa koili yako ya shaba na kukurudishia ya aluminiamu, ambayo hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya shaba ya unene ule ule. Mwambie akukatie kipande cha waya kabla hajaanza kusuka. Kwaruza vanishi, kisha tazama pale palipokatwa, maana kuna waya wenye ngozi ya shaba na moyo wa aluminiamu. Na koili ya zamani ni mali yako, ondoka nayo.

Inverta, ile mashine nyepesi ya kielektroniki, ni habari nyingine. Adui wake wa kwanza ni vumbi la grainda, kwa kuwa ni vumbi la chuma na linapitisha umeme. Taa ya njano ya kuonya joto ikiwaka mapema, huenda feni imesongwa tu. Chomoa, iache ikae, maana kapasita hubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuzima, kisha ipeleke kwa mtu wa pancha aipulize kwa upepo. Feni, swichi na soketi za kebo zinastahili kutengenezwa bila kufikiria mara mbili. Transista za nguvu, zile swichi za kielektroniki zinazobeba umeme mkubwa, zikilipuka, hapo ndipo ninapokuwa mgumu. Fundi akibadilisha moja tu bila kupima saketi inayoziendesha, kuna hatari kubwa italipuka tena ukigusa chuma mara ya kwanza. Na kama bodi imemiminiwa gundi ngumu juu, usilipe hata shilingi. Anayekubali kazi ya transista, muwekee sharti: achomelee vijiti vinene vya geji 10 mfululizo mbele yako, ndipo umtumie M-Pesa.

Ukiamua kununua, usidanganywe na namba kubwa ubavuni. Imeandikwa ampea 300, na plagi ni ya kawaida ya ampea 13? Ampea 300 huhitaji kama volti 32 kwenye moto wenyewe, yaani wati 9,600. Soketi yako, kwa volti 240, inatoa 3,120. Fyuzi huvumilia kidogo, lakini si mara tatu. Kwa soketi ya nyumbani, tarajia ampea mia moja na kidogo, zinazotosha kabisa vijiti vyembamba vya geji 12 kwa geti na grili. Mimi nitachukua transfoma kuukuu iliyosukwa vizuri kuliko inverta inayojisifu hivyo.

Na kama unachomelea bawaba mara mbili kwa mwaka, sioni sababu ya kutengeneza wala kununua. Jirani wa jua kali atakuja na yake.

Mashine ikikataa kabisa, iuze kwa kilo, lakini bakiza kebo, holda na kibanio kama bado ni vizima. Kebo zinazokuja na mashine mpya za bei nafuu mara nyingi ni fupi na nyembamba, na utazibadilisha kabla ya mwezi kwisha.