Hekalu la Shiva kijijini, na magofu yetu ya Kilwa

Ndugu wakija kunitembelea huku Chennai, kusini mwa India, wanataka hekalu maarufu la mji wa Thanjavur, kwa sababu ndilo walilolisikia. Mimi nawapeleka Gangaikonda Cholapuram. Katika karne ya 11 mfalme Rajendra wa Kwanza wa ukoo wa Chola aliufanya mji huu makao yake makuu, akamjengea Shiva, mungu wa Wahindu, hekalu la mawe lenye mnara unaopita mita 50. Mji ulishakufa. Kimebaki kijiji, mashamba na hekalu.

Mimi ni Mwislamu, naingia kama mgeni: viatu nje, mawe yanachoma nyayo. Ukutani Shiva amechongwa akimzungushia mja wake Chandesa taji la maua kichwani. Mara ya mwisho nilimkuta bibi mmoja mbele ya mchongo huo, amempakata mjukuu, anamwonyesha kwa kidole na kumsimulia kisa chote kwa Kitamil. Ndani kuna lingamu, nguzo ya jiwe inayomwakilisha Shiva, ya kama mita 4. Kila mwaka, mbalamwezi ya kati ya Oktoba na Novemba, hufunikwa yote kwa wali, kisha watu hugawiwa wali huo wakaula, kama sinia za maulidi kwetu.

Nami ni mtoto wa Kilwa Masoko. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulianza kujengwa karne hiyohiyo ya 11, na msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Shule ilitupeleka, tukapangwa mstari, tukaambiwa tusiguse, tukarudi. Hakuna bibi aliyetusimulia chochote pale.

Najua mtasema msikiti ule ni gofu, hekalu halikuachwa. Lakini hata hekalu hili liliumizwa: karne ya 19 Waingereza walibomoa mawe ya ukuta wake wakajengea bwawa kwenye mto Kollidam. Wanakijiji wakaendelea kuja. Na kwetu pia inawezekana. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na mpaka leo watu wanasali humo.

Uzio na kibali vinalinda mawe, sikatai. Ila wenye mamlaka ya mambo ya kale wakae na wazee wa Kisiwani, waruhusu walau maulidi moja kwa mwaka isomwe uani pa Msikiti Mkuu, na wazee hao ndio wawasimulie watoto wa shule.