Akiba ya Shemeji Iko Kwenye Tangi

Wapo wanaoweka akiba benki, wapo wanaonunua mbuzi, na yupo shemeji yangu, ambaye akiba yake ni petroli iliyo kwenye tangi la gari lililoegeshwa uani kwangu hapa Gungu, Kigoma. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, wadhibiti wa nishati, wakishatangaza bei kikomo za mafuta, simu yangu inaita kutoka Dar.

"Shem, umeona? Petroli imepanda tena."

Nimeona. Nitaachaje kuona wakati bodaboda wa hapo kona wameshapandisha nauli kabla tangazo halijaisha kusomwa?

"Basi sisi tumeshinda. Ile yetu ni ya bei ya zamani."

Sisi! Mimi siku ya kulijaza, pale sheli, nilishika mfuniko tu. Lakini jamaa anapiga hesabu zake pale pale kwenye simu, lita zote za tangi mara tofauti ya bei, anapata faida, anacheka, anakata. Na kwa vile mafuta yanashuka melini huko pwani, kisha yanasafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi huku mwisho wa reli, na kila kilomita inadai chake, anajiona ni mjanja mara mbili kwa kuwekeza Kigoma. Bei ikishuka hapigi simu. Mwezi huo mimi napumzika.

Gari lenyewe si Noah, msije mkanionea wivu. Ni gari-nyumba. Ndani lina kitanda, sinki, jiko la gesi, na choo ambacho, Mungu anisamehe, ni kizuri kuliko changu. Waholanzi wawili wazee waliliendesha kutoka kwao, wakapita nchi ambazo mimi nazisikia kwenye taarifa ya habari tu. Walipofika Kigoma wakalitazama ziwa, wakaikumbuka barabara waliyojia, wakaamua kurudi kwa ndege. Shemeji alikuwa likizo. Akalinunua. Sababu aliyonipa ni kwamba familia yake ikija Desemba isisumbue mtu.

Desemba familia ilikuja. Ikalala kwangu, kwa sababu ndani ya gari kuna joto. Gari likaenda Kibirizi kununua migebuka, likarudi, likaegeshwa chini ya mwembe. Hiyo ndiyo ilikuwa ziara yake ya mwaka.

Mtaani kila mtu ana tafsiri yake. Kina mama walishawahi kuja na watoto mgongoni na kadi za kliniki mkononi, wakijua chanjo imeletwa. Mzee mmoja aliniuliza linaondoka saa ngapi kwenda Kasulu. Kuku wangu wanataga chini ya uvungu wake, na mpaka leo hao ndio pekee waliopata faida ya wazi.

Lina injini ya petroli ya zamani, ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, na usukani uko kushoto. Ubavuni, kwenye kijumba chake, kuna jenereta inayonyonya kutoka tangi hilo hilo. Mpira wake umekatwa mfupi makusudi haufiki chini ya tangi, ili ukilala na feni usiku kucha, jenereta izime yenyewe na ikuachie mafuta ya kukufikisha sheli. Waliolitengeneza walimjua binadamu. Hawakumjua shemeji.

Kabla ya kurudi Dar alijaza tangi mpaka mdomoni, akanikabidhi funguo na agizo: "Uwe unaliwasha, dakika tano tano, petroli isilale." Nikawa naliwasha. Kuku wanatawanyika, moshi unaingia jikoni, mke wangu anakohoa kwa sauti ya kusikiwa na mtu anayetakiwa asikie, nazima. Kazi imekwisha.

Jenereta ndiyo iliyotangulia kugoma. Umeme ulikuwa umekatika, jioni kuna mechi, vijana wa mtaa wamejaa uani na televisheni imeshatolewa nje. Nikabonyeza kitufe. Ikaunguruma, ikapanda, ikashuka, ikapanda, ikashuka, ikanyamaza. Vijana wakanilaumu mimi kwa bao ambalo hawakuliona.

Halafu gari lenyewe likafuata. Unapiga stati, selfu inazunguka vizuri, injini inakohoa, basi. Nikaita fundi, akasema plagi. Tukanunua plagi. Nikaita mwingine, akasema betri, na plagi zile alizoweka mwenzake si zenyewe. Wa tatu alizunguka gari mara mbili mikono mfukoni, akatoa hukumu kwamba mzungu haachi kitu kizima. Huyo naye alitaka hela ya ushauri. Kila nilipouliza kama tatizo linaweza kuwa petroli yenyewe, walicheka. Mtu wa Kigoma anajua maziwa yanachacha, anajua dagaa wana muda wao, hata mawese anayanusa kabla ya kununua. Lakini petroli? Petroli ni petroli bwana, ilikaa ardhini miaka mamilioni, itaharibikia kwako?

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja wa Ujiji, mstaafu wa mashine za meli, ambaye alipita kuulizia mayai. Nikamwamkia, nikamweleza. Hakufungua boneti. Alifungua mfuniko wa tangi, akasogeza pua, akairudisha upesi.

"Mwanangu, hii imeshakufa. Mnaifufua kwa plagi?"

Ilikuwa inanuka vanishi. Tukachota kidogo kwenye chupa ya maji, tukailinganisha na ya bodaboda wa kona. Ya bodaboda unaona upande wa pili. Ya kwetu imekuwa kahawia.

Mzee akakaa kwenye ngazi ya gari, akaeleza. Petroli si kitu kimoja, ni ukoo mzima uliowekwa tangi moja. Wamo wepesi na wamo wazito. Wepesi ndio wanaoshika moto haraka injini ikiwa baridi, na hao ndio wa kwanza kutoroka kwa tundu la hewa la tangi, kama vijana wa hapa wakimaliza shule: treni ya Dar. Wanabaki wazee, na wazee ukiwaita alfajiri hawaamki mara moja. Wakati huohuo hewa inaingia, oksijeni inaishambulia petroli polepole na kutengeneza utomvu unaonata. Utomvu huo ndio unaoziba vile vitundu vya kabureta. Jenereta ina kabureta ndogo, vitundu vyake ni vyembamba zaidi, ndiyo maana ilitangulia. Petroli ya kwenye tangi la gari, akasema, ina miezi mitatu hadi sita ya uzima, na joto linaipunguzia. Gari letu linashinda juani, maana mwembe kivuli chake kinahamia kwa jirani ifikapo saa sita.

Nikampigia shemeji. Akanijibu kwa ukali: "Lakini tangi lilikuwa limejaa!"

Hapo, kusema haki, alikuwa na nusu ya hoja. Tangi lililojaa halina nafasi kubwa ya hewa, kwa hiyo unyevu hauingii sana na kugeuka matone ya maji ukutani mwa tangi usiku. Kutu inapungua. Ila nusu ya pili ya hoja ni kwamba ukijaza na hutembei, umejipatia petroli mbovu nyingi badala ya kidogo.

Na zile dakika tano tano? Mzee alitaka kujua nani alifundisha hivyo, nikamtaja, akatikisa kichwa. Injini ikiwaka dakika tano haipati moto wa maana. Maji yanayotokana na petroli kuungua yanabaki kwenye ekzosi na kwenye oili, betri inatoa zaidi ya inachorudishiwa, na tangi halipungui hata kidogo. Gari linataka kutoka barabarani nusu saa, lipate moto, liile petroli yake, linunuliwe nyingine. Sasa kutoka barabarani kunataka bima. Bima iliisha, na shemeji hailipi kwa sababu gari halitembei. Gari halitembei kwa sababu halina bima. Mimi nimo katikati na funguo.

Jirani mwenye Fuso akachungulia juu ya ukuta kutuambia angenunua la dizeli asingepata shida hizi. Mzee hakumwacha. Dizeli inadumu kuliko petroli, kweli, lakini maji yakituama chini ya tangi vinaota vijidudu, vinatengeneza utelezi, na siku ya safari utelezi wote unakwenda kwenye chujio. Jirani akateremka.

Ndipo mzee akaniingizia habari ya Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, maana mtu wa melini humalizi naye mazungumzo bila Liemba. Mwaka 1916, Wajerumani walipozidiwa, waliizamisha wenyewe, wakati huo ikiitwa Graf von Götzen. Lakini kabla ya kuizamisha waliipaka mashine yake grisi nene. Waingereza wakaiinua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, na mashine ilikuwa bado inafaa. Akatulia, akaligeukia gari la shemeji, akalipandisha na kulishusha kwa macho.

"Ile ilikaa miaka chini ya ziwa. Hili limekaa chini ya mwembe."

Nikamtetea shemeji, nikasema ile ilikuwa ya mvuke, haikuwa na kabureta. Akasema tofauti si kabureta. Tofauti ni kwamba wale walijua wanaiacha.

Nikamtumia ujumbe Mholanzi, mpwa wangu akiandika Kiingereza. Kumbe kwao jambo hili lina majira kabisa. Magari ya namna hii yanalala kipindi chote cha baridi, na kabla ya kulala wanatia dawa ya kutunza petroli kwenye mafuta mapya, wanajaza tangi, wanaacha injini iungurume kama dakika kumi ili dawa ifike mpaka kwenye kabureta, wanazima. Na kule Ulaya wana balaa la ziada: petroli yao ya kawaida, kama ile ya Uingereza tangu Septemba 2021, inachanganywa na spiriti, yaani ethanoli, hadi asilimia 10. Spiriti inapenda maji. Ikishayanywa yakazidi, inajitenga na petroli na kushuka pamoja na maji hayo chini ya tangi, pale pale pampu inaponyonya.

Ujumbe huo nikamrushia shemeji. Akausoma mpaka kwenye neno dawa, akaishia hapo. Wiki iliyofuata nikaitwa stendi kuchukua kifurushi, nikalipia mimi. Chupa. Mzee akavaa miwani, akasoma mgongo wa chupa, akanirudishia: inatiwa kwenye petroli mpya. Hii ni kinga, haifufui. Nimeiweka juu ya friji, mke wangu ameshaihamisha mara kadhaa akidhani ni ya kusafishia vioo.

Ikabaki kuitoa ile mbovu. Mpwa wangu, anayejiona mtaalamu wa kila kitu, alikwishaupachika mpira mdomoni anyonye. Mzee akampiga kofi la mkono, mpira ukaanguka. Petroli ikipotea njia ikaingia mapafuni, hospitali inaweza isikusaidie. Tukaazima pampu ya mkono. Mke wangu akakataa madumu yasilale stoo karibu na jiko la mkaa, na hapo sikubishana, maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kimyakimya hadi ukutane na moto, kisha unarudi nao nyumbani.

Habari zikaenea kwamba kwa fulani kuna petroli ya bure. Mnakijua Kigoma. Wakaja na chupa, ndoo, kopo la rangi. Mmoja wa bodaboda akajaza bila kuuliza, akazimikiwa kabla ya kufika Mwanga, akarudi kwa miguu akisukuma pikipiki na kunidai fidia. Mzee alisema ingekuwa imechoka kidogo tu, tungeichanganya kidogokidogo na mpya nyingi ikaisha salama, lakini iliyofikia kahawia na utomvu haifai injini ya mtu. Na kumwaga chini haiwezekani, kisima kiko pale. Mwisho madumu yote yamechukuliwa na gereji moja kwa ajili ya kuoshea vyuma. Aliyekuja kuyabeba ni yule fundi wa plagi. Alinusa, akaniambia kwa utulivu wa mtaalamu: "Hii imezeeka. Si ungeniambia?"

Kabureta zimefunguliwa, zimeoshwa, chujio limebadilishwa. Limewaka. Kuku wamekimbia.

Jumatano iliyopita bei imeshuka kidogo, na kwa mara ya kwanza shemeji kapiga simu bei ikiwa imeshuka. Anataka tujaze tangi mpaka mdomoni, wakati ni rahisi. Nikamwambia hapana. Nikamwambia atume ya lita chache mpya, alipe bima, na kila mwisho wa mwezi nilipeleke Ujiji na kulirudisha, nusu saa ipatikane. Akanyamaza. Nikasikia kikokotoo.

"Shem," akasema, "kwani hapo uani huwezi kuzunguka nalo nusu saa?"

Uani kwangu kuna mwembe, kisima, banda la kuku na kamba ya nguo. Nikafungua mdomo nimjibu, nikakuta mke wangu, ambaye kumbe alikuwa anasikiliza na ni dada yake wa tumbo moja, ameshaanza kuihamisha kamba.