Johnny Miller na neno ambalo wachezaji hawakulisamehe

Raundi ya mwisho ya mashindano makubwa ya gofu ya Marekani hutufikia hapa Arusha Jumapili usiku, na kombe likikabidhiwa huwa ni karibu saa nane za usiku. Wanaobaki macho hadi saa hiyo ni wachache, na wachache hao wana ubishi mmoja usiokwisha: Johnny Miller, bingwa aliyeacha fimbo akashika kipaza sauti cha NBC, kituo cha televisheni cha Marekani, kuanzia mwaka 1990 hadi 2019, alikuwa mkweli au alikuwa katili tu? Miongoni mwa wachezaji waliokulia kwenye ubebaji wa mifuko ya fimbo za wachezaji wengine, ambao ndio uti wa mgongo wa gofu letu, jibu la wengi ni kwamba alikuwa katili, na kwamba aliyewahi kuonja presha hana haki ya kumwanika aliyezidiwa nayo.

Neno lililomponza ni moja. Katika mashindano ya Bob Hope mwaka 1990, akiwa ndiyo kwanza ameanza kazi ya utangazaji, rafiki yake Peter Jacobsen alikuwa akiwania ushindi kwenye shimo la mwisho, mpira umekaa kwenye mteremko na mbele yake kuna maji. Miller aliwaambia watazamaji kwamba huo ni mkwaju ambao ni rahisi sana mtu kukabwa koo nao. Kwa Kiingereza cha wanamichezo neno hilo, “choke”, halina utani: maana yake ni kwamba mchezaji ameingiwa na kiwewe, mwili ukamgomea mbele ya ushindi. Jacobsen aliupiga vizuri na akashinda, lakini hakufurahi aliposikia kilichosemwa, na wachezaji wengi hawakufurahi pamoja naye.

Wanaomlaumu wana hoja, na si hoja nyepesi. Mwaka 1999, katika Kombe la Ryder, ambapo timu ya Marekani hupambana na ya Ulaya, alisema Justin Leonard angefaa kwenda nyumbani akatazame mashindano kwenye televisheni. Leonard huyohuyo akaja kutumbukiza mpira wa futi 45 kwenye shimo la 17, mkwaju ambao Wamarekani wanausimulia hadi leo. Mwaka 2008 alimfananisha Rocco Mediate na mtu anayemsafishia Tiger Woods bwawa la kuogelea, akaongeza kejeli juu ya jina lake, na ikabidi aombe radhi. Hapo hapakuwa na uchambuzi wowote, ni dharau, na sitamtetea. Tena alikuwa na majivuno: Justin Thomas alipomaliza raundi ya mashimo 18 kwa mikwaju 63 tu (katika gofu mikwaju michache ndiyo ushindi) kwenye US Open ya mwaka 2017, Miller, ambaye 63 yake ndiyo iliyompa jina, alionekana kutafuta sababu za kuipunguzia uzito.

Hata hivyo, naona wanaomlaumu wanaisoma hiyo 63 yake kinyumenyume. Wao huiona kama fimbo aliyowachapia wengine. Mimi nikiiangalia kwa makini naona ndipo ilipoanzia huruma yake, hata kama ilikuwa huruma yenye sauti kali.

Uwanja ulikuwa Oakmont, katika US Open ya Juni 1973. Jumamosi Miller alisahau daftari lake la vipimo vya uwanja na akapiga 76, alama ya mtu aliyekwisha jiondoa mwenyewe kwenye mashindano. Jumapili alianza akiwa nyuma kwa mikwaju sita, hakuna aliyemtazama, na huenda hilo ndilo lililomwokoa. Alifika kwenye grini zote 18, yaani sehemu za nyasi fupi zenye shimo, kwa idadi ya mikwaju inayotakiwa au pungufu yake, na alipofika huko alitumia mikwaju 29 tu ya kutumbukiza mpira. Toa 29 kwenye 63, inabaki 34: ndiyo safari yake yote kutoka mwanzo wa kila shimo hadi kwenye grini, katika uwanja uliohesabiwa kuwa mgumu kuliko karibu vyote nchini mwao. Wapinzani husema mvua ilikuwa imelainisha grini, na ni kweli; Lanny Wadkins naye alipiga 65 siku hiyohiyo. Lakini hakuna aliyekuwa amewahi kupiga 63 katika mashindano makubwa manne ya dunia, na rekodi hiyo, ingawa wengine waliifikia, haikuvunjwa hadi Branden Grace alipopiga 62 mwaka 2017, tena Royal Birkdale, uwanja ambao Miller mwenyewe alitwaa ubingwa wa Uingereza mwaka 1976.

Ninachorudia kukitazama katika kadi ile ni shimo la nane. Siku ambayo kila kitu kilimtii, kosa pekee la Miller lilitokea hapo, na lilikuwa la kuhitaji mikwaju mitatu kutumbukiza mpira akiwa tayari kwenye grini. Ufa ulikuwepo hata siku ya utukufu wake. Miaka iliyofuata ukapanuka: mtu aliyeshinda mara nane katika mwaka mmoja, 1974, alifika mahali mikono ikamkataa kwenye mikwaju mifupi kabisa, ile ambayo hapa kwetu mtoto wa darasa la tano anayeokota mipira angeitumbukiza. Alipoacha kucheza mfululizo alikuwa ndiyo kwanza amegusa miaka arobaini. Kwa hiyo alipoketi kwenye chumba cha utangazaji na kuuona mkono wa mwenzake ukikaza, hakuwa anakisia. Alikuwa anaukumbuka mkono wake.

Angeweza kufanya kama wengi wafanyavyo, aseme upepo umebadilika au nyasi zimeukataa mpira. Peter Alliss, mtangazaji wa gofu wa BBC, aliyecheza Kombe la Ryder mara nane na ambaye naye mikwaju mifupi ilimtesa, alichagua upole na ucheshi, na Waingereza wakampenda hadi alipofariki mwaka 2020. Siupuuzi upole huo. Ila mtazamaji aliyemsikiliza Miller kwa miaka 29 alijifunza kitu ambacho upole hukificha: kwamba kiwewe si aibu ya mtu dhaifu, ni sehemu ya mchezo, na humpata bingwa kama kimpatavyo mwanafunzi. Anayekataa kukitaja jina ndiye anayekifanya kiwe aibu.

Hapa lakini lazima niwape wapinzani haki yao, kwa sababu mazingira yetu si ya California. Mchezaji aliyesemwa na Miller alipanda ndege akaenda zake. Arusha na Moshi gofu ni kijiji. Anayetangaza mashindano kwenye viwanja vya TPC Moshi au Kili Golf atamkuta mchezaji aliyemsema kesho yake kwenye ngazi za klabu ya Gymkhana, na huenda wamesoma pamoja, wameoleana, au mmoja alimbebea mwenzake mifuko. Mchezaji wa kulipwa wa kwetu hana kampuni tano zinazomngoja. Mdhamini akisikia redioni kwamba kijana wake huingiwa na kiwewe kwenye shimo la 18, mkataba unaweza kuishia hapo. Hofu hiyo naielewa, na ndiyo hoja pekee ya upande ule inayonikosesha usingizi.

Pamoja na hayo, tazama tunacholipia ukimya huo. Mashindano kama Lina PG Tour, yaliyoanzishwa kumuenzi marehemu Lina Nkya, yamewaletea wachezaji wetu zawadi za fedha na macho ya watu. Lakini kipaza sauti mara nyingi tunampa mtu mwenye sauti nzuri tu, wakati mwingine mshereheshaji yuleyule wa harusi, naye hutangaza kila mkwaju kama vile bibi harusi anaingia ukumbini. Kijana aliyepoteza uongozi kwenye mashimo matatu ya mwisho huambiwa hakuwa na bahati, na mwezi ujao hupoteza tena palepale.

Miller alirudi uwanjani mwaka 1994 huko Pebble Beach akiwa na umri wa miaka 46, tayari mtangazaji kamili, na akawashinda watu aliokuwa akiwachambua, kwa tofauti ya mkwaju mmoja. Sidai ukweli ndio uliomponya. Nadai tu kwamba haukumzuia. Sisi tunao watu wanaoweza kazi hiyo bila kejeli ya bwawa la kuogelea: Madina Iddi, kwa mfano, aliyekulia kwenye gofu la Arusha na kuiwakilisha nchi ugenini, angemwambia msikilizaji kwa sentensi moja kama mpira ulipotezwa na upepo au na mkono. Ningebaki macho hadi saa nane kumsikiliza.