Ejenti Aongee Bei, Pesa Nishike Mimi

Siku hizi kila developa Nairobi anajenga ejenti, ati programu ikutafutie viatu, iongee bei na duka, ilipe, wewe uko tu kwa matatu umesinzia. Sawa, lakini mi naona watu wanakimbilia kumpa ejenti akili kabla ya kuamua atashika nini na nini hatagusa.

Na hii kitu si mpya vile tunaambiwa. Mwaka wa 1996 pale MIT, chuo kikuu huko Marekani, mtafiti Pattie Maes na mwenzake walikuwa na soko la majaribio la maejenti linaitwa Kasbah. Unamtuma ejenti wako wa kununua, unampa bei ya kuanzia, bei ya mwisho, siku ya mwisho, halafu unachagua apandishe haraka ama polepole. Yule wa kuuza naye anateremsha hadi wakutane. Si ndo vile mathe alikuwa anakutuma Gikomba? Anzia mia na nusu, isipite mia tatu, na usitoe noti zote mfukoni.

Mi nilijifunza vibaya. Binamu yangu anauza chaja kwa kibanda hapo Luthuli, nikamjengea ejenti, stoki ikishuka chini ya kumi inaulizia bei kwa watu wanne wa holseli, wanaleta zao, inachukua iliyo poa. Hiyo mbinu inaitwa Contract Net, mtafiti wa kompyuta Reid Smith aliiandika 1980, yaani tenda tu. Ilifanya kazi poa wiki kadhaa, hadi Ijumaa moja jioni ikaagiza, ikalipa, jibu la malipo likakawia kurudi, na mimi nilikuwa nimeandika ati kimya cha dakika moja ni malipo yamekataa, so ikaenda kwa wa pili ikaagiza na kulipa, alafu wa tatu. Jumamosi asubuhi boda tatu zimejipanga nje ya kibanda na maboksi, binamu ananipigia: "Buda, hizi chaja zote ni za nani?"

Kosa ni langu kabisa. Kimya si hapana. Saa hii kila oda iko na namba yake, ikirudiwa ni namba ile ile, na kabla ya kurudia lazima iulize kwanza ile ya mwanzo ilifika wapi. Alafu nikagawanya kazi: wa kuongea bei ni mmoja, wa kulipa ni mwingine, na huyu wa kulipa nimemfanya mjinga makusudi, hajui kupatana, anajua tu kiwango chake kwa siku. Ikizidi elfu tano binamu anaweka PIN mwenyewe. Watu wananiambia hiyo si otomatiki, ni usumbufu, lakini PIN tumeizoea tangu M-Pesa ije 2007 na sijaona mtu amekufa kwa kubonyeza namba nne.

Chaja bado ziko, kama unataka.