Mhadhiri Aliyefungua Chumba cha Unasihi Ngamiani

Mwanzoni mwa mwaka huu mhadhiri mmoja wa saikolojia, mzaliwa wa hapa Tanga, alikodi chumba cha mbele katika nyumba moja ya Ngamiani. Aliweka viti vitatu na pazia zito, akaanza kupokea watu jioni na siku za Jumamosi kwa unasihi, yaani kuwasikiliza na kuwashauri wenye matatizo. Wengi wanaokuja ni wanandoa. Wiki haikupita, maneno yakaanza barazani: mwalimu wa chuo kikuu analipwa mshahara afundishe na kutafiti, sasa hiki cha jioni ni nini? Wapo waliosema ni tamaa ya pesa, na hao sina haja ya kushindana nao. Wapo wenye hoja nzito zaidi.

Hao wanasema mwalimu ana mamlaka. Ndiye anayesahihisha mtihani. Mwanafunzi wake akija kulia mbele yake kuhusu baba mlevi, kesho yake mtu yule yule atampa alama, na mtoto wa watu hatajua tena anazungumza na nani. Wanaongeza kwamba anayebeba mizigo ya watu hadi saa tatu usiku hawezi kuingia darasani saa mbili asubuhi akiwa mzima. Hoja hizi zote mbili nazikubali. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani nacho kimeiona ile ya kwanza: kifungu cha 7.05 cha kanuni zake za maadili kinasema kwamba pale ambapo masomo yanamlazimu mwanafunzi kupitia tiba ya kisaikolojia, mwalimu anayempa alama, au anayetarajiwa kumpa, asiwe ndiye mtoa tiba. Lakini kanuni hiyo isomwe vizuri. Haikumkataza mwalimu kutibu watu. Imekataza asimtibu huyu ambaye kesho atampima.

Tena fani yenyewe imezaliwa mikononi mwa walimu wa namna hii. Mwanasaikolojia wa Marekani Lightner Witmer alifungua kliniki ya kwanza ya saikolojia katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1896, na mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mtoto aliyeletwa na mwalimu wa shule kwa kuwa alishindwa tahajia. Carl Rogers, mmoja wa waasisi wa unasihi wa leo, alifanya kazi na watoto na wazazi wao mjini Rochester kwa zaidi ya miaka 10 kabla ya kuwa profesa, na alipohamia Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1945 akaanzisha kituo cha unasihi hapo hapo chuoni.

Wala tusiende mbali. Hapa Pwani ni lini tuliwahi kumtenga anayefundisha na anayeshauri? Somo, yaani kungwi, aliyemfunda mwari ndiye anayeitwa ndoa ikiyumba. Shehe anayesomesha madrasa asubuhi, jioni amekaa na mume na mke waliokosana. Hatujasema kwamba hao wanakula kuwili. Tofauti ni moja, na ni kubwa: somo ni wa upande wa mke. Ana mapenzi, ana siri, lakini ana upande. Shehe naye ni mtu wa familia, pengine ndiye aliyefungisha ndoa hiyo na angependa isivunjike. Mnasihi hana shemeji pale ndani.

Faida ya mtu asiye na upande nimeijua kwa uchungu. Nimekaa miaka minne katika baraza la usuluhishi wa ndoa la kata moja ya mjini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, inataka mgogoro upitie baraza kabla talaka haijaombwa mahakamani, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa humo. Baraza ni mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili, wasiozidi watano. Tukishindwa kupatanisha, tunatoa hati ya kueleza tulichokiona. Sheria ni nzuri. Lakini sisi wajumbe tulikuwa watu wazima wenye heshima zetu, na hakuna aliyetufundisha kusikiliza.

Siku moja alikuja mwanamke wa umri wa miaka 30 hivi. Tulimuuliza kosa la mumewe ni nini. Akasema, "Nimechoka." Tukamuuliza amechoshwa na nini, anapigwa? Hapana. Ananyimwa matumizi? Hapana. Akanyamaza, nasi tukaandika kwamba mlalamikaji hana sababu ya msingi, tukampa nasaha ya subira, akaondoka. Miezi baadaye shangazi yake alinieleza: yule mwanamke alizaa mtoto mfu, mtoto akazikwa siku ile ile, na tangu hapo nyumbani mule hakuna aliyelitaja tena jambo hilo. Mume aliamini anamsaidia kwa kunyamaza. Swali moja tu la "ulianza lini kuchoka?" lingetufikisha pale. Hatukuliuliza kwa sababu tulikuwa tunatafuta mkosaji, na katika nyumba ile mkosaji hakuwapo. Nimelirudia swali hilo kichwani mara nyingi mno.

Sasa mfikirie mwalimu anayefundisha somo la familia bila kuwahi kukaa mbele ya mwanamke kama yule. Vitabu vingi anavyosomesha vimeandikwa Marekani na Uingereza. Ndoa ya Makorora anayosimuliwa mnasihi ina mama mkwe, ina wifi, ina mke mwenza wa Pangani, ina mahari ambayo nusu yake haijalipwa. Mwalimu anayeyasikia hayo jioni ataingia darasani asubuhi akijua ni wapi kitabu kinamtosha na ni wapi kinamwacha. Wanafunzi wake ndio kesho watakaokaa hospitalini, shuleni na katika mabaraza kama lile langu.

Ninachokiogopa mimi ni kingine kabisa, na wapinzani hawakigusi sana: mfano wa darasani. Tanga ni mji, lakini ni mji wa watu wanaojuana. Mwalimu akisema "mama mmoja wa barabara ya 12, mumewe nahodha", hajataja jina, na bado nusu ya darasa imeshamjua. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayozihesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Lakini mdomo wa mwalimu hutangulia sheria. Kwa hiyo kisa cha mwaka huu kisiingie darasani mwaka huu. Afundishe namna ya kuuliza na namna ya kukaa kimya, visa avibadilishe hata mwenye kisa asijitambue. Na mwanafunzi wake akigonga mlango wa Ngamiani, ampeleke kwa mwenzake siku hiyo hiyo, hata kama mwenzake yuko Muheza.

Liko na suala la malipo. Anayechuma kwa kuuza maandazi hawezi kulipia chumba chenye pazia. Nimemwomba mhadhiri yule atupe alasiri moja kwa wiki ofisini kwa kata, aonane na watu kabla hawajafika mbele ya baraza. Amekubali kuanza na Alhamisi. Tunachotafuta sasa ni chumba ambacho mlango wake unafungika.