Daraja la Causey: sifa za mwashi, faida za matajiri

Wapenzi wa historia ya reli hawachoki kulisifia Causey Arch, huko Durham, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Ndilo daraja kongwe zaidi la reli duniani ambalo bado limesimama. Lilijengwa mwaka 1725 na 1726, karne nzima kabla ya reli maarufu ya garimoshi ya Stockton na Darlington. Garimoshi lilikuwa bado. Kila farasi alivuta behewa moja la mbao lenye zaidi ya tani mbili za makaa ya mawe, juu ya reli za mbao, kuelekea Mto Tyne. Kwenye mteremko farasi alifunguliwa, akafungwa nyuma ya behewa, na mwendeshaji akaukalia mti wa breki huku mzigo ukijiteremkia wenyewe.

Ukiuliza lilijengwa kwa faida ya nani, hapo ndipo maneno yanapoanza.

Makaa ya karibu na mto yalikuwa yakipungua na migodi ikazidi kusogea bara, kwa hiyo aliyeshika njia alishika soko. Kupitisha mabehewa kwenye shamba la mtu kulilipiwa, na mwenye shamba angeweza kukataa. Koo tajiri za Liddell, Bowes na Wortley zikaungana mwaka 1726, zikagawana haki za njia. Washindani wakabaki na makaa yasiyo na pa kupita. Muungano huo ulikodi hata migodi ambayo haukuwa na nia ya kuichimba, ili bei London isishuke. Huo ni ukiritimba, na mawe mazuri hayaubadilishi jina.

Wanaowatetea wana hoja, tena nzito. Tao hilo linavuka mita 31 hivi kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, na Uingereza haikuwa na tao moja la mawe linalolizidi hadi lile la Pontypridd, huko Wales, mwaka 1756. Mchimbaji mdogo angetoa wapi fedha za kazi kama hiyo? Mwashi wake, Ralph Wood, alikuwa amejenga kwanza la mbao, likaanguka. Inasimuliwa kwamba hofu ya kuona hata hili likiporomoka ilimfanya ajirushe kutoka juu yake. Sina hakika na kisa hicho, ila hofu yenyewe inaeleweka: hakuwa na fundi aliye hai wa kumuuliza.

Karibu na mwaka 1740 mgodi wa Tanfield uliungua, na daraja likakosa kazi kubwa. Wapo wanaosema basi fedha zilipotea. Mimi naona wanahesabu makaa tu. Waliolijenga walikuwa wananunua pia uwezo wa kumzuia mwingine asipite, na kwa hesabu hiyo hawakupata hasara. Kwa ustadi, sifa nampa Wood bila kusita. Matajiri wale nawapa sifa ya kutoa fedha, basi.